Tausi wa Unga

Daktari alipiga simu saa saba na robo mchana. Dhansukhbhai, fundi mkuu wa mapambo, alikuwa bado hajazinduka, alisema daktari, lakini muuguzi aliyemsafisha jeraha la kisogoni alikuwa amekuta unga wa buluu umeganda na damu kwenye nywele, na mwingine mwingi ndani ya kola ya shati.

"Ni unga wa kitu gani, Inspekta? Nisije nikahangaika na fuvu kumbe mtu ana sumu mwilini."

"Nitakujibu kabla ya saa tisa," alisema Inspekta Urmila Gamit. Akakata simu, akabaki amesimama pale pale.

Alikuwa katika ukumbi wa ghorofa ya tatu wa kampuni ya sari ya Jariwala, jijini Surat, India. Diwali, sikukuu ya taa, ilikuwa siku nne mbele. Saa kumi na moja jioni hiyo wateja mia mbili na kumi, wenye maduka ya sari kutoka Kanpur, Patna, Kolhapur mpaka Guwahati, walitarajiwa kupanda ngazi zile kuja kula na kuagiza mzigo wa msimu wa harusi. Dari lote lilikuwa limefunikwa vitambaa vyekundu na vya dhahabu, na nyuma ya vitambaa taa ndogondogo zilikuwa zikimeta kama vimulimuli. Kandokando ya kuta vilipangwa vitaa vya udongo mia tatu, vimeshajazwa mafuta, vinangoja kiberiti.

Kilichotokea, kwa mujibu wa kila aliyehojiwa tangu asubuhi, kilikuwa chepesi. Saa moja asubuhi mfagizi alimkuta Dhansukhbhai chini ya ngazi ya mianzi karibu na madirisha, kisogo kimepasuka, koja la maua limemlalia kifuani. Mzee wa miaka sitini na mmoja, ngazi ndefu, usingizi wa alfajiri. Kaanguka. Ripoti yenyewe Urmila alikuwa ameshaiandika nusu: ajali kazini.

Alikwenda tena mahali alipolala yule mzee. Vigae vyeupe, alama ya damu ndogo kama jani la mpera. Hapakuwa na chembe ya buluu.

"Mahipat," alimwita konstebo wake, "buluu katika ukumbi huu iko wapi?"

Konstebo Mahipatsinh, mtu mzima mwenye masharubu ya mvi na miaka mingi kazini kumshinda bosi wake, hakuhitaji kutafuta. Alinyoosha kidevu upande wa pili. "Kule kwa tausi, Afande."

Tausi alikuwa amechorwa sakafuni kwa unga wa rangi, rangoli ya upana wa hatua nane, mkia umefunguka mbele ya ukuta mkubwa wa mbao uliovikwa hariri na jina la kampuni. Hapo ndipo wageni wangesimama kupigwa picha. Kutoka kwenye ngazi ya mianzi mpaka kwa tausi, Urmila alihesabu hatua thelathini na mbili.

"Mtu anaangukia huku," alisema, "halafu unga unamfuata kwa miguu?"

"Labda alipita huko kwanza akajipaka."

"Kisogoni? Na ndani ya kola?"

Mahipat alimtazama tausi. "Basi kama aliangukia hapa, Afande, huyu ndege angekuwa kachakaa. Mtu mwenye mwili ule akianguka juu ya unga haachi hata unyoya. Na huyu mzima, anaringa."

Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua Urmila. Tausi alikuwa mzima.

Lifti ya wenye kampuni, waliokaa ghorofa za juu, ilifunguka. Akatoka Vrajlal Jariwala mwenyewe, tajiri wa sari, kanzu nyeupe isiyo na kunyanzi, mkononi fungu la funguo ambalo hakuliacha hata msalani, kama walivyosema wafanyakazi wake. Nyuma yake alikuja mkwewe Charmi, mke wa mwanawe wa pekee, akiwa na orodha yake na kalamu.

"Urmilaben, dada yangu," tajiri alianza kwa upole, "wapishi wako chini na masufuria, wanasema konstebo wako kawazuia. Mimi namwombea Dhansukh, gharama zote za hospitali ni zangu. Lakini kuna watu wamepanda treni siku mbili kuja hapa. Niwaambie nini?"

"Waambie karamu ipo, ila sijui wapi."

"Ofisi ya kamishna imekupigia?"

"Mara mbili."

"Na bado?"

"Na bado, Vrajlalbhai."

Tajiri alitabasamu bila kuonyesha meno. Urmila alijua maana yake. Miaka mitatu nyuma aliwahi kufunga ghala la mtu kwa shaka tu, shaka ikaota mbawa, akalipa kwa miezi ishirini na miwili ya kupanga mafaili katika chumba kisicho na dirisha. Hakuwa na hamu ya kurudi kule.

Charmi hakumtazama Urmila. Alikuwa akizitazama nguo za meza. "Baba, kama wapishi hawapandi kufikia saa tisa, vyakula vya kukaanga havitawahi," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, imechoka. "Inspekta, mimi nilishakueleza. Nilifika saa mbili asubuhi, nikakuta watu wamejaa. Nakuomba tu, mkipita, msikanyage rangoli. Haina wa kuirudia leo."

"Anayeichora ni nani?"

"Bhavika. Alimaliza jana jioni, akaenda kwao. Mimi hata unyoya mmoja sijaugusa."

Walipoondoka, Urmila aliketi juu ya kreti la soda akafungua mfuko wa vitu vilivyotolewa mifukoni mwa Dhansukhbhai. Leso. Tumbaku ya kutafuna. Miwani iliyovunjika mkono. Koleo ya kung'olea misumari. Misumari mitatu, yote imepinda.

Alivimwaga vitu vile juu ya mapaja, akavipanga, akavipangua.

"Mama yako alikuwa anatunga maua, Mahipat?"

"Kila Alhamisi, ya hekaluni."

"Anayepanda ngazi kutundika makoja anachukua nini?"

"Kamba. Sindano ndefu. Mkasi."

"Huyu alikuwa na koleo na misumari iliyong'olewa. Hakupanda kutundika kitu. Alipanda kubandua."

Mahipat alikuna shingo. "Kubandua nini?"

Urmila aliirudisha misumari kwenye mfuko. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro kumi.

Saa nane na robo askari wa chini walimleta Nilesh Malvankar, jina lililokuwa limetajwa na watu wanne tangu asubuhi. Alikuwa msaidizi wa Dhansukhbhai kwa miaka tisa. Wakagombana kwenye masika. Akafungua kazi yake. Akaiomba karamu hii akanyimwa. Na daftari la mlinzi wa geti lilionyesha aliingia saa kumi na moja na dakika hamsini alfajiri, akatoka saa kumi na mbili na dakika mbili. Mahipat alikuwa ameshaanza kumtazama kama mtu anayepimwa pingu.

"Ulifuata nini hapa alfajiri, bwana Nilesh?"

"Maua."

"Ulikuja kuiba maua?"

"Kuleta! Mzee aliniita jana. Muuza maua wake alimwangusha, akaniomba vikapu kumi na vinne. Akaniambia, 'Wewe mbwa, ugomvi wetu tutaumalizia baada ya sikukuu, sasa niletee maua.'" Kijana wa watu alichomoa karatasi mfukoni. "Sahihi yake hii hapa. Alitia sahihi kwa penseli."

Karatasi ilikuwa imelowa jasho, lakini sahihi ilisomeka, pamoja na saa. Mlinzi alithibitisha kwamba alimwona mzee mwenyewe akimsindikiza Nilesh mpaka chini, mzima, anatafuna tumbaku, kisha akapanda tena.

Mahipat alishusha pumzi kama mtu aliyevuta samaki akapata kandambili.

"Mlizungumza nini?" Urmila aliuliza.

"Nilijitolea nimsaidie kutundika. Akakataa. Akasema maua yatangoja, kuna ukuta anataka aubomoe kwanza kabla wenyewe hawajaamka. Alisema tangu jana anabishana nao, hawamsikii."

"Ukuta upi? Wenyewe ni nani?"

"Hakusema. Mzee ukimuuliza mara mbili anakutukana, nami nilishatukanwa ya kutosha."

Hapakuwa na kuta nyingi za kubomoa. Urmila alivuka ukumbi akasimama mbele ya ule wa hariri, nyuma ya tausi. Aliupiga kwa kidole. Ukasikika mtupu. Juu, upande wa kulia, hariri ilikuwa imekazwa kwa misumari mipya inayong'aa, ilhali kwingine kote vichwa vya misumari vilipakwa rangi ya dhahabu.

"Nileteeni Bhavika," alisema.

Bhavika Rana alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwalimu wa kuchora katika shule ya msingi, aliyefuatwa kwake huku akikaanga vitafunio vya sikukuu. Alinuka bizari na mafuta. Alimzunguka tausi wake akiwa ameshika kiuno, akaridhika.

"Kalala salama," alisema. "Kichwa nilikihangaikia saa nzima."

"Na mkia?"

"Mkia ni kazi ya kurudia tu. Nyoya ishirini na saba."

Urmila alikwenda dirishani akavuta pazia zito. Jua la alasiri likaingia mshazari mpaka kwa tausi. Bhavika alikuwa bado anatabasamu, halafu tabasamu likamganda. Akainama. Akachutama. Akachukua chembe kwa ncha ya kidole, akazisugua, akazilamba.

"Hii si yangu."

"Ipi?"

"Hizi, kutoka hapa mpaka hapa. Kumi na moja. Chini ya zile taa za manjano zinafanana, lakini tazama kwenye jua. Yangu imeelekea kijani. Hii imeelekea zambarau. Mimi natumia unga wa marumaru, unakwaruza ulimi. Huu ni unga wa mchele uliotiwa rangi." Alinyanyuka akiugulia magoti. "Na aliyefanya ana mkono mzuri, Inspekta. Mtulivu kunishinda mimi. Mstari haukukatika popote. Nani huyo?"

"Nani anaweza?"

Bhavika alicheka kidogo, bila furaha. "Surat nzima. Kila mwanamke hapa kafundishwa na bibi yake."

Urmila alimpeleka kwa Mahipat wakae nje kwenye veranda. Kisha akamwita Charmi.

Ilikuwa saa tisa na dakika tano. Daktari hakuwa amejibiwa. Simu ya Urmila ilitetemeka mfukoni, namba ya ofisi ya kamishna, akaiacha itetemeke. Kama angekosea sasa, angekuwa amekosea mbele ya tajiri mwenye marafiki kila mahali.

Charmi alikuja haraka, viatu mkononi ili visiguse vigae. "Wapande? Wapishi?"

"Karibu. Nionyeshe tu wageni watasimama wapi kwenye picha."

"Hapa, nyuma ya mstari huu. Watazunguka mkia kwa upande wa—"

Urmila alipiga hatua nyuma, na buti lake likatua katikati ya mkia. Alipoliinua, nyoya tatu zilikuwa zimechanganyika kama uji.

Charmi hakupiga kelele. Alivuta pumzi tu, kama mtu aliyeunguzwa.

"Samahani sana," alisema Urmila. "Mguu wangu huu. Nimwite Bhavika?"

"Kwao ni mbali, saa zenyewe ziko wapi? Niache." Charmi alikuwa ameshageuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ndogo ya pembeni, akafungua kabati la ibada, akarudi na kopo la chuma lenye kifuniko. Akapiga magoti, akapuliza unga uliovurugika, akachota buluu kwa vidole vitatu na kuiachia itiririke kati ya kidole gumba na cha shahada. Mstari ulikwenda ukapinda, ukarudi, haukukatika. Urmila alimwacha amalize unyoya wa kwanza na wa pili. Jua lilikuwa mgongoni mwa Charmi, na pale sakafuni buluu aliyoimwaga ilikuwa ileile ya zile nyoya kumi na moja.

"Una mkono mtulivu," Urmila alisema.

"Bibi yangu wa Navsari alinifunza."

"Alikufunza na kutia rangi unga wa mchele?"

Vidole vya Charmi vilisimama.

"Bhavika hutumia marumaru. Kumi na moja kati ya nyoya hizi ni za kopo lako. Uliniambia hujagusa hata mmoja." Urmila alichutama ili macho yao yalingane. "Dhansukhbhai ana unga wa Bhavika ndani ya kola. Aliangukia hapa, dada. Hakuangukia kule."

Charmi aliweka kifuniko kwenye kopo, akakibana mpaka kikalia.

"Yu hai?" aliuliza.

"Yu hai. Hajazinduka."

"Nilidhani amekufa." Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa. "Nilikuwa sijalala. Nikaja saa kumi na mbili na robo kwa lifti ya nyumbani, nitazame tu kama kila kitu kiko sawa. Nikamkuta juu ya ngazi anang'oa ukuta. Hariri imeshaning'inia. Nikamwambia shuka. Akasema, 'Binti, watu mia mbili na mlango mmoja, na moto kila mahali. Nilikwambia jana, nikamwambia na mkweo. Siwezi.' Akaendelea kung'oa."

"Ukafanya nini?"

"Nikashika ngazi. Nikaitikisa." Alitazama mikono yake ya buluu. "Nilitaka ashuke. Miaka minne katika nyumba ile, Inspekta, napewa kuchagua rangi ya mapazia. Hii ndiyo kazi ya kwanza niliyopewa. Ilikuwa imeshapendeza. Nilitaka ashuke tu."

"Halafu?"

"Nikamburuta kwenye kitambaa cha meza. Nikahamisha ngazi. Nikamwekea koja. Nikagongomea hariri. Kisha nikarudia mkia."

"Kabla ya kuita gari la wagonjwa."

"Wageni," alisema Charmi, na hapo ndipo uso wake ulipoanza kubomoka.

Mahipat na askari wawili waliung'oa ukuta wa hariri kwa koleo ya Dhansukhbhai. Nyuma yake ulikuwepo mlango wa chuma wenye maandishi mekundu ya zimamoto, na juu ya komeo lake umezungushwa mnyororo na kufuli. Tajiri Jariwala alikuwa amepanda aliposikia mbao zikilia. Alimwona mkwewe ameketi sakafuni, akamwona askari amesimama kando yake, akaambiwa kwa ufupi habari ya ngazi.

"Fungua, Vrajlalbhai," alisema Urmila.

"Mlango huo hautumiki."

"Fungua."

Ufunguo ulikuwa kwenye fungu lake, wa nne kutoka mwisho. Mnyororo ulianguka kwa kishindo. Mlango ukavutwa, na nyuma yake hapakuonekana ngazi. Yalionekana maboksi. Yalipangwa kutoka sakafu hadi dari, yamefungwa utepe wa dhahabu, kila moja na jina la mteja: zawadi za sikukuu, sinia za shaba na mithai, mia mbili na kumi, zimejaza ngazi za dharura kushuka mpaka ghorofa ya pili.

Charmi aliinua kichwa. "Nilijua mlango umefungwa," alisema polepole. "Baba, uliniambia zawadi ziko ghalani."

"Ghalani wanaiba," alisema tajiri. "Mwaka juzi sari ngapi zilitokea mlango huu? Nikaufunga. Kosa ni kulinda mali yangu?" Alimgeukia Urmila, na sasa upole ulikuwa umekwisha. "Huyu mtoto alitikisa ngazi. Mimi sikutikisa kitu."

"Andika maneno hayo, Mahipat. Yote. Pamoja na saa." Urmila alitoa simu akampigia daktari. "Ni unga wa mawe," alimwambia. "Marumaru. Hana sumu. Shughulika na fuvu." Alisikiliza kidogo, akasema ahsante, akakata. Hakueleza alichoambiwa.

Kisha akapiga kwa zimamoto, na mwisho kwa ofisi ya kamishna. Ukumbi umefungwa, alisema. Wageni wapewe chai uani, chini, penye uwazi. Tajiri atawapokea kwa nusu saa akiwa na konstebo ubavuni, kisha atakuja kituoni kuandika maelezo. Sauti ya upande wa pili ilipanda juu. Yeye aliishikilia simu mbali na sikio mpaka ikashuka.

Ilipotimu saa kumi na nusu basi la kwanza lilikuwa limeshafika. Muziki wa ngoma na zumari ulipanda kutoka getini. Charmi alisimama, akatikisa unga kwenye sari yake.

"Nakuomba kitu kimoja," alisema. "Usinipitishe mbele yao. Nimeandika kadi zao zote kwa mkono."

Urmila alitazama ngazi kuu, zilizoishia uani katikati ya watu. Akatazama mlango wa chuma.

"Toeni maboksi," aliwaambia askari.

Walikuwa watu sita. Walijipanga mstari wakapokezana maboksi, mmoja hadi mwingine. Charmi mwenyewe aliingia kwenye mstari baada ya muda, bila kuambiwa, akawa anayasoma majina kabla ya kuyapitisha. Mahipat aliitazama saa yake mwanzo na mwisho. Bila moshi, bila giza, bila mtu kumkanyaga mwenzake, iliwachukua dakika ishirini na tatu kuufikia mlango wa chini.

"Dakika ishirini na tatu," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Urmila alimshika Charmi mkono wakashuka. Ngazi zilinuka vumbi na siagi ya mithai. Nje ya ukuta, uani, mshereheshaji alikuwa ameshika kipaza sauti akiwakaribisha wateja wa kampuni, na maneno yake yalipenya matofali bila shida: jioni hii nzima, mabibi na mabwana, kila ua na kila taa, ni kazi ya mikono ya mtu mmoja, mkwe wa nyumba hii, na kabla hatujaanza nawaomba mmpigie makofi.

Makofi yalianza. Charmi alisimama kwenye ngazi, mkono mmoja ukutani, akayasikiliza mpaka yakaisha. Kisha akashuka hatua zilizobaki.